Waya wa Njano Ulileta Sura Tu

Juzi umeme ulirudi baada ya kukatika, nikachomeka ile pasi nzito ambayo dada ninayeshona naye huiweka chini ya meza. Haikuwa imetumika tangu tupate pasi nyepesi, na vumbi lilikuwa limeingia kila tundu. Ilipoanza kupata moto ikatoa harufu. Haikuwa harufu ya nguo kuungua. Ilikuwa ya vumbi linalochomwa polepole, kavu, inayokaa kooni. Dada akasema, "Zima hiyo, itatuunguzia kibanda." Nikazima. Lakini nilikuwa nimeshatoka hapo kibandani kwetu Nyahanga. Nilikuwa nyumbani kwetu, karibu na Ushirombo, sebuleni kwa bibi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi mchana kweupe, na watu wazima wamekaa kimya wakimngoja baba yangu atokee ukutani.

Baba alikuwa mchimbaji, machimbo ya upande wa Geita. Akija nyumbani alilala sana, kisha akaamka na kula sana, kisha akatuambia hadithi za huko. Kwa wachimbaji shimo linaitwa duara, na mtu aliyeshuka kwenye duara husemwa kwamba yuko ndani. Mama akimpigia simu mchana, alipokea mwenzake: "Shemeji, yuko ndani, piga jioni." Mama alicheka akasema, "Mwambie akitoka anitafute." Nilikua na neno hilo kama mtoto wa mwalimu anavyokua na neno shuleni. Mtu akiwa ndani, maana yake atatoka.

Alinieleza pia mambo ya kamba. Kule chini sauti haifiki vizuri, alisema, kwa hiyo watu huzungumza kwa kamba. Aliye juu anavuta taratibu, aliye chini akiisikia anavuta naye. Hiyo ndiyo ishara. Usipojibiwa, unavuta tena. Tulikuwa tukiucheza mchezo huo kwa kamba ya ndama. Yeye alikaa nyuma ya nyumba, mimi mbele, kamba imezunguka kona. Nilikuwa simwoni, lakini nikivuta, kamba ilivuta mkono wangu, nami nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha mwaka mmoja mvua zikanyesha sana, na duara likatitia.

Vijana walikuja kwa pikipiki wakiwa na matope mpaka kiunoni. Hawakuingia ndani. Walisimama na baba mdogo, mdogo wake baba, kando ya zizi. Nilijifanya naokota kuni nikasogea. Niliyoyasikia yalikuwa machache: "Tumechimba, udongo unazidi kushuka. Serikali ya mtaa wametuzuia, wanasema tutafukiwa na sisi. Bado yuko ndani." Nikamaliza kuokota kuni zangu, nikarudi jikoni. Mama alipoanza kulia sikuelewa analia nini. Kuwa ndani ilikuwa kazi ya baba.

Kwetu hakukuwa na mwili, kwa hiyo hakukuwa na kaburi, na watu hawakujua wafanye nini na miguu yao. Wanajumuiya walikuja kusali, wakatandika mikeka. Bibi, mama yake baba, alikataa kukaa mkekani. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akitazama barabara, akawaambia kwa Kisukuma, "Karibuni wageni. Ila hapa hakuna msiba. Mmeniletea mwili?"

Kwa ukoo wetu msiba huisha kwa kunyoa. Na mzazi wa marehemu akiwa hai, yeye ndiye hunyolewa kwanza, ndipo mjane, ndipo watoto. Bibi alikataa wembe. Basi hakuna aliyenyolewa, na msiba ambao haukuanza haukuweza kuisha. Mama hakuwa mke wala mjane. Akienda sokoni watu hawakujua wampe pole au wamsalimie tu, wakawa wanapita upande wa pili. Nywele zake zilikua hovyo, hazikusukwa. Naye bibi alipungua. Alikuwa mwanamke mnene wa kubeba ndoo kichwani bila kuishika, akawa anakunywa uji nusu kikombe na kurudi kwenye kigoda.

Ilipita masika, ukapita na msimu wa kuvuna mpunga. Siku moja baba mdogo alichuchumaa mbele yake.

"Mayu," alimwita. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Mpaka lini?"

"Mpaka atoke."

"Hatatoka, mayu."

"Wewe umemwona?"

Halafu bibi akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. Alisema kwamba kwenye harusi ya baba mdogo, walipokuwa wamekaa meza ya mbele, baba yangu alimwinamia akamwambia kitu sikioni, naye akacheka mpaka soda ikammwagikia. "Alichoniambia sikikumbuki. Kila nikilala nakitafuta. Mtu ananiachaje na neno nisilolikumbuka? Nikilisikia, mtaninyoa."

Baba mdogo akasimama. Harusi yake ilikuwa imepigwa video.

Nyinyi wa rika langu mnaujua huo wakati. Kila nyumba yenye deki ilikuwa na kanda ya harusi ya mtu, yaani sidii, na kila sidii ilikuwa na mikwaruzo. Yetu ilikuwa imekwaruzwa mpaka ikawa kama imechanwa na paka. Lakini alikuwepo kijana aitwaye Shija, fundi wa redio na deki pale senta, ambaye zamani aliinakili kwenye kompyuta yake bila kuitazama. Kompyuta ilikuwa na kioo kidogo, na bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Kwenye kioo kile angeona mwanga tu. Ndipo baba mdogo akaenda kanisani kuazima projekta. Ilikuwa ya zamani, imekaa stoo tangu kigango kiache kuonyesha filamu za Kwaresima, na mijusi ilikuwa imetaga juu yake.

Shija alikuja mchana na begi la nyaya mgongoni. "Mwadila, mayu," alimsalimia bibi. Bibi akaitikia bila kumtazama. Shija akaifuta projekta kwa kitambaa, akaigeuza, akapiga mluzi.

"Mzee Masanja, hii imenizidi umri. Ilitakiwa niiamkie shikamoo."

"Umekuja kuifunga au kuihoji?" baba mdogo akamjibu.

"Naihoji kwanza. Mgonjwa huanza kwa kuhojiwa."

Mama na mimi tulitundika mablanketi madirishani. Shuka jeupe likafungwa ukutani kwa misumari. Projekta ilipowashwa feni yake ilikoroma, na ile harufu ya vumbi linaloungua ikajaa sebule yote. Mimi nilikaa sakafuni karibu na miguu ya bibi. Kulikuwa na giza, joto, na mwanga mmoja unaotoka kwenye tundu. Niliwaza kwamba duarani lazima kuna hali hii hii.

Kwanza Shija alijaribu waya mnene wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, ule wa kuunga kompyuta na kioo chake. Aliufunga huku na huku. Ukutani kukatokea rangi ya buluu tupu na maneno ya Kizungu.

"Yanasema nini?" baba mdogo akauliza.

"Hakuna ishara. Projekta haipati kitu kutoka kwenye kompyuta." Akauchomoa, akachungulia kwa tochi ya simu. "Ona. Meno yamepinda, na hili limekatika ndani. Huu mlango umekufa."

"Basi?"

"Basi tunapita mlango mwingine."

Akatoa zile nyaya tatu zilizoshikana, za njano, nyekundu na nyeupe. Nilizijua, kwa jirani zilikuwa nyuma ya deki. Kompyuta haikuwa na tundu la njano, ilikuwa na tundu dogo la duara lenye vishimo. Shija alikuwa na kiungio kifupi, upande mmoja kina pini zilizoingia humo, upande wa pili kinapokea njano. Akaunga, akaubonyeza waya wa njano kwenye tundu la njano la projekta.

Buluu. Maneno yale yale.

"Bado hakuna ishara," Shija akasema. "Picha iko ndani, haijatoka."

Sijui kama kuna mtu mwingine katika ile sebule aliyelisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi. Iko ndani, haijatoka, na hakuna ishara. Nilijua kinachofanywa. Nilishangaa hata kwamba watu wazima hawakijui. Waya wa njano ulikuwa umepita karibu na goti langu. Nikaushika kwa vidole, nikauvuta taratibu, kama nilivyofundishwa. Nikangoja. Nikauvuta tena.

Ukutani akatokea mtu.

Leo najua kwamba wakati huo huo Shija alikuwa amebonyeza vitufe viwili kwa pamoja kuiamuru kompyuta itoe picha nje. Aliniambia mwenyewe nilipokua. Lakini siku ile sikumwona Shija. Niliona kwamba nimevuta na nimejibiwa. Sikumwambia mtu. Nilifumba mkono ule na kuuweka mapajani, nikawa na furaha ambayo sijaipata tena.

Picha ilikuja bila rangi, kila kitu kama majivu, na ilikuwa ikipanda juu na kuanza upya kutoka chini. "Mashine hazijaelewana lugha," Shija akasema, akatafuta kwenye menyu ya projekta, akabadilisha kitu, na picha ikatulia. Kisha rangi zikaingia. Puto za zambarau. Keki. Bibi harusi amekaza uso. Mama akashika mdomo, kwa sababu kule mwisho wa meza, amevaa shati la kijani la kuazima, alikuwa baba, mkubwa kuliko alivyokuwa kweli, kichwa chake kinafika darini.

"Mayu, unamwona?" baba mdogo akauliza.

Bibi alikuwa amesimama. Alitembea mpaka karibu na shuka, kivuli chake kikamfunika baba nusu. "Namwona," alisema. "Amekonda."

Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni harusi ya zamani.

Akaanza kuzungumza naye. Alimuuliza kama huko analala pakavu. Alimwambia kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, na kwamba mkwewe ni mwanamke mwema, hajaondoka. Ukutani baba alikuwa akisema na mtu wa pembeni, midomo inacheza, meno yanaonekana, na hakuna kilichosikika isipokuwa feni. Bibi alinyamaza kumpa nafasi ajibu. Baba akaendelea kutikisa midomo. Bibi akarudi nyuma hatua.

"Mbona hanisemeshi?"

"Mayu, ni mashine..."

"Mtu aliyekufa akija bila kusema, kuna jambo," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Wazee kwetu huwaita waliotangulia masamva, na samva akikutokea akanyamaza, amekasirika. "Nimemkosea nini? Kwa sababu sikunyoa?"

Mama akamshika mabega. Baba mdogo akamgeukia Shija kwa ukali. "Sauti iko wapi?"

"Njano ni sura tu, mzee. Nilitaka kwanza picha ikubali. Sauti inapita kwenye nyekundu na nyeupe, na hizi hapa hazina pa kuingilia kwenye kompyuta, kuna waya wake mwingine." Akapekua begi mpaka chini. "Nimeuacha senta."

"Umeacha sauti senta!"

"Naifuata, mzee, usinile."

Akasimamisha picha, akatoka mbio, tukabaki na baba amesimamishwa ukutani mdomo wazi. Nilitazama zile nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, zilizolala sakafuni, hazijaungwa na kitu. Nikafikiri, sauti ya baba imo humo, inangoja. Nilizigusa, zilikuwa za vuguvugu, maana zilikuwa karibu na projekta. Bibi alirudi kwenye kigoda.

Shija aliporudi alikuwa anahema. Waya aliouleta ulikuwa na pini ndogo kama ya spika za masikioni, na upande wa pili nyekundu na nyeupe. Pini akaichomeka kwenye kompyuta, rangi mbili akazichomeka kwenye sabufa ya baba mdogo. "Tayari, mayu. Sasa atasema."

Akairudisha picha mpaka meza ya mbele. Tukamwona bibi mwenyewe, mnene, na kitenge cha njano, chupa ya soda mkononi. Tukamwona baba anamwinamia. Mdomo wake uko kwenye sikio la mama yake.

Shija akaongeza sauti.

Ukalipuka wimbo. Wimbo wa harusi, wenye ngoma na vinanda, ule uliokuwa ukipigwa kila mahali siku hizo. Baba alisema na wimbo ukaimba. Bibi wa ukutani akacheka, soda ikamwagika, na wimbo ukaendelea kuimba.

"Punguza wimbo," baba mdogo akasema.

Shija akapunguza. Kila kitu kikapungua. Akarudisha nyuma, akacheza tena. Baba akainama tena, wimbo tena. Akachomoa nyekundu ikabaki nyeupe. Wimbo. Akachomoa nyeupe akarudisha nyekundu. Wimbo. Jasho lilikuwa linamtoka. Nakumbuka baba akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, kama mtu aliyepewa adhabu.

"Mzee," Shija akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Aliyeshughulikia hii video aliweka wimbo juu ya picha yote. Ndivyo walivyokuwa wanafanya. Akiweka wimbo, sauti ya watu anaifuta. Hata nikiifungua hii kompyuta yote, ndani haimo."

Alisema kwa Kiswahili, na bibi Kiswahili kilimpita, hasa kikisemwa haraka. Baba mdogo aliinama akashika kichwa. Mama alikuwa ameelekea ukutani. Bibi akatazama huyu, akatazama yule, hakuna aliyemgeukia. Akaniinamia mimi.

"Anasema nini huyo kijana?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria siku zote, zahanati, kwa wageni, kwenye redio. Sikuwa mtoto wa kusema sana na tafsiri ilikuwa kazi niliyoipenda, kwa sababu maneno hayakuwa yangu. Shija alikuwa amesema haimo, yaani sauti. Lakini mimi kichwani mwangu sauti na baba vilikuwa kitu kimoja tangu niliposhika zile nyaya. Nikamwambia kwa Kisukuma, polepole ili asikie vizuri:

"Bibi, anasema ndani hayumo."

Bibi alinitazama. Wimbo ulikuwa bado unapiga. Akanyoosha mkono akaniwekea kichwani, na mkono ulikuwa mzito.

"Hayumo?"

"Hayumo kabisa. Hata akifungua pote."

Tangu wale vijana waje na pikipiki, watu wote walikuwa wamemwambia bibi kwamba mwanawe bado yuko ndani. Padri alisema hivyo kwa upole, baba mdogo alisema hivyo kwa hasira, wachimbaji walisema hivyo kwa sababu ndivyo wanavyosema. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hayumo. Alilisikia kutoka kwangu, kwa lugha yake.

Akaondoa mkono kichwani mwangu. Akasema, bila kumtazama mtu, "Mkamwana, chemsha maji. Leteni wembe."

Mama alitoka kwenda jikoni, akajigonga kwenye mlango. Shija alikuwa anachomoa nyaya zake moja moja kwa aibu, na ukuta ukawa buluu. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Mimi nilikuwa nimesimama na jambo kubwa kifuani, nikishangaa mbona hawalioni. Kama hayumo ndani, basi ametoka. Lile neno lilikuwa na pande mbili tu, sikujua wa tatu. Nilikuwa nimevuta, akajibu, na sasa hayumo.

Nikasukuma blanketi la mlangoni nikatoka nje. Jua lilinipiga machoni. Nikakimbia mpaka barabarani, mahali panapoonekana kona ya kutokea Geita, nikasimama juu ya jiwe la mpaka wa shamba ili anione mapema. Ilipita baiskeli yenye mkaa. Likapita kundi la mbuzi na mwenyewe. Nikasubiri pikipiki.

Ndipo nikasikia nyumbani kwetu bibi amepaza sauti. Ilikuwa ndefu, kali, inapanda, na mama akaidaka, na wanawake wa jirani wakaidaka wakija mbio huku wanafunga kanga. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya bibi ya namna ile, kwa hiyo niliichukua kuwa vigelegele. Nikajua nimechelewa, baba amepitia njia ya mtoni, ameshafika. Nikaruka kutoka kwenye jiwe, nikarudi mbio nikimwita, nikicheka.